Sanduku la Fyuzi na Haki ya Kuamini

Timau ni mji ulio kando ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nyumba zake ni za kila umri: za mawe zilizoachwa na walowezi waliopewa mashamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, za familia zilizonunua ardhi baada ya uhuru, na vyumba vya mbao vya kupangisha vilivyojipanga nyuma ya maduka. Katika baadhi ya nyumba hizo umeme bado unapita kwenye sanduku la fyuzi la zamani, la chuma au la bakelaiti, lililopigiliwa kwenye ubao karibu na mlango. Suala la kulibadilisha kwa kawaida huibuka pasipotarajiwa. Fundi wa stima ameitwa kutazama soketi iliyoungua, anafungua kifuniko, anatikisa kichwa na kusema sanduku hilo liondolewe. Mwenye nyumba anajibu kwamba limefanya kazi tangu enzi za baba yake na halijamdhuru mtu. Majibizano hayo yanaonekana kuwa ya kiufundi tu, au ya pesa tu. Ndani yake, hata hivyo, kuna swali ambalo wanafalsafa na wanadini wamelishughulikia kwa karne nyingi: mtu ana haki ya kuamini kwamba nyumba yake ni salama kwa ushahidi gani, na haki hiyo inafika wapi ikiwa wanaolala humo ni wengine?

Kwanza ni lazima kifaa chenyewe kieleweke, kwa sababu hoja nyingi zinazotolewa kukitetea zinatokana na kutojua kinafanya nini. Fyuzi ya zamani ni waya mwembamba wa shaba iliyopakwa bati, uliokazwa kwa skrubu mbili kwenye kishikio cha kauri. Umeme ukizidi kipimo, waya hupata moto, unayeyuka, na njia inakatika. Waya wa ampea 5, unaolinda taa, una unene wa milimita 0.2, ule wa ampea 15 una milimita 0.5, ule wa ampea 30 una milimita 0.85. Tofauti hizo ni ndogo kiasi kwamba jicho lisilozoea haliwezi kuzitambua kwa mwanga wa tochi, na hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Fyuzi ikikata usiku, mtu huchukua waya wowote ulio karibu, akaufunga, taa zikawaka, na jambo likasahaulika. Kuanzia usiku huo sanduku bado lipo ukutani, lakini kazi yake imekwisha.

Jambo la pili ni la msingi zaidi. Fyuzi iliwekwa kulinda waya wa nyumba usipate moto. Haikuwekwa kulinda mwili wa mtu. Taa ya kawaida ya wati 60, kwenye umeme wa volti 240 unaotumika Kenya, huvuta robo ya ampea. Kiasi hicho kikipita kifuani mwa mtu kinatosha kumuua, na fyuzi ya ampea 5 haitakihisi kabisa, kwa kuwa kwake hiyo ni taa moja tu iliyowashwa. Charles Dalziel, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitumia miaka mingi kupima jinsi umeme unavyouathiri mwili, na mwaka 1961 akabuni kifaa kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi, kisha kukata mara moja tofauti inapotokea. Swichi ya jamaa hiyo, ambayo mafundi huiita kwa herufi zake tatu, RCD, katika nyumba za kawaida huwekwa ikate kwa mvujo wa ampea 0.03, yaani sehemu moja ya 500 ya kile ambacho fyuzi ya ampea 15 imeandikiwa kubeba. Sanduku la zamani halina kitu cha namna hiyo. Yale ya zamani zaidi yana kasoro nyingine inayotisha: yana fyuzi kwenye waya wa moto na kwenye waya wa kurudi pia, hivyo fyuzi ya waya wa kurudi ikiyeyuka taa huzimika ilhali umeme bado umejaa kwenye waya zote. Anayepanda ngazi kutengeneza taa hiyo anaamini giza, na giza halina habari.

Baada ya kulijua hilo, hoja ya mwenye nyumba inaweza kupimwa kwa haki. Anasema: miaka hamsini hakuna kilichotokea. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Uzoefu ni ushahidi, na mtu anayebadilisha kila kitu kwa kuwa kimezeeka ataishia maskini bila kuwa salama zaidi. Ila uzoefu huwa ushahidi wa mambo yaliyoendelea kuwa vilevile. Sanduku lililobeba taa tatu na redio kwa miongo mitatu limetoa ushahidi kuhusu taa tatu na redio. Leo nyumba hiyohiyo ina pasi, birika la umeme, jokofu, na juu ya yote shawa ya maji moto, ambayo katika baridi ya Timau imekuwa kitu cha kawaida. Shawa ya wati 5,500 peke yake huvuta karibu ampea 23, mara nyingi alfajiri, wakati birika nalo limewashwa. Mwenye nyumba anaposema nyumba yake haijawahi kuungua, anatoa ushahidi wa nyumba ambayo haipo tena.

Ukimya wenyewe pia unahitaji kutiliwa shaka. Fyuzi inayokata mara kwa mara huudhi, lakini angalau inathibitisha kwamba ni nzima. Ile ambayo haijawahi kukata tangu mvua za mwaka fulani zilizosahaulika inaweza kuwa imetulia kwa sababu mzigo ni mdogo, au kwa sababu kuna mtu aliyeweka waya mnene usioweza kuyeyuka. Kutoka nje ya kifuniko hali hizo mbili zinafanana. Amani ya muda mrefu, katika kifaa ambacho kazi yake ni kuvunjika kwa wakati wake, ni dalili inayopaswa kuulizwa maswali.

Mwanahisabati Mwingereza William Kingdon Clifford aliliweka jambo hili wazi mwaka 1877, katika insha yake kuhusu maadili ya kuamini. Anaeleza habari za mwenye meli aliyekuwa karibu kusafirisha wahamiaji. Meli ilikuwa imezeeka, haikuundwa vyema tangu mwanzo, na ilikuwa imetengenezwa mara nyingi. Shaka ilimjia. Akajituliza kwamba imekwenda safari nyingi na kurudi, na kwamba Mungu hawezi kuziacha familia zote hizo ziangamie. Taratibu akafikia kuamini kwa moyo wote kwamba meli ni imara. Ilipozama katikati ya bahari, alipokea fidia ya bima na hakusema neno. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile, na wala hasamehewi kwa kuwa aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Imani yake aliipata kwa kuizima shaka, hakuipata kwa kuchunguza. Kisha anaongeza jambo ambalo wasomaji wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza: hata kama meli ingefika salama, hatia ingebaki ileile, ila isingejulikana.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayomgusa mwenye sanduku la fyuzi moja kwa moja. Yeye naye anahesabu kila asubuhi iliyokucha salama kama kura ya kumuunga mkono. Kwa Clifford, asubuhi hizo hazibadilishi kitu, kwa kuwa kinachohukumiwa ni namna alivyofikia uamuzi wake. Bernard Williams na Thomas Nagel, waliojadili nafasi ya bahati katika maadili mwaka 1976, walionyesha kwamba binadamu hawaishi hivyo kikamilifu: watu wawili wanaofanya uzembe uleule huchukuliwa tofauti kabisa iwapo mmoja wao ameua na mwingine hakuua. Wana haki kuhusu jinsi watu wanavyohisi baada ya tukio. Lakini mwenye nyumba wa Timau anaamua kabla ya tukio, na aliye kabla ya tukio hana bahati yoyote ya kutegemea. Ana alichokijua na alichokataa kukijua. Neno la fundi linabadilisha hali yake kwa sababu hiyo. Kabla kifuniko hakijafunguliwa, angeweza kusema hakujua. Sheria ya kale katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, inafuata mantiki hiyohiyo juu ya ng'ombe mwenye tabia ya kupiga watu kwa pembe: adhabu ya mwenyewe huwa nzito zaidi pale alipokuwa ameonywa na asimfunge.

Kuna jibu maarufu kwa Clifford. William James wa Marekani, mwaka 1896, alitetea haki ya mtu kuamini kwa moyo pale ambapo uamuzi ni mzito, hauepukiki, na ushahidi hauwezi kuukata. Jibu hilo lina nguvu katika masuala kama kuwapo kwa Mungu. Halimsaidii mwenye sanduku, kwa kuwa hapa ushahidi unapatikana. Fundi mwenye kipima-insulesheni, kile wanachokiita mega, anaweza kuijua hali ya waya za nyumba nzima kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Hoja za dini ndizo zinazosikika zaidi katika miji ya mlimani, na zinastahili kusikilizwa kwa makini kuliko wanavyofanya wahandisi. Hapa ni watu wa makanisa, Wamethodisti, Wakatoliki na Wapresbiteri miongoni mwao, na nyumba mpya mara nyingi hufunguliwa kwa maombi. Mtu anaposema kwamba siku ya mtu ikifika imefika, au kwamba nyumba hii iliombewa, anaeleza imani ya kweli kwamba uhai hauko mikononi mwa binadamu. Swali ni iwapo imani hiyo inaruhusu kuacha hatari inayojulikana. Mapokeo yenyewe yanakataa, tena kwa sauti moja ya kushangaza. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo darini ili damu isiwe juu ya nyumba yake mtu akianguka. Musa bin Maimun, mwanasheria na tabibu wa Kiyahudi wa karne ya 12, aliipanua amri hiyo hadi kila kitu nyumbani kinachoweza kuua, na akamkemea anayesema kwamba akijihatarisha hiyo ni shauri yake. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, Yesu anapojaribiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu kwa kutegemea malaika, anakataa kwa sababu huko ni kumjaribu Mungu. Msimamo wa Uislamu ni huohuo. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inamtaka mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Na Bukhari na Muslim wamepokea habari iliyo karibu mno na suala hili: nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani, na Mtume akaagiza moto uzimwe kabla ya kulala. Mafundisho yote hayo yanaliweka tegemeo kwa Mungu baada ya kazi ya mikono. Aliyeombea nyumba na kuacha waya uliochakaa ameigawa kazi kinyume cha alivyofundishwa.

Pengine ugumu wenyewe uko mahali pengine, katika namna watu wanavyoeleza msiba baada ya kutokea. Edward Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande wa Sudan ya kusini, alisimulia juu ya ghala linaloanguka na kuwaumiza waliokaa chini yake kupumzika kivulini. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lilianguka saa ileile watu wale walipokuwa pale, na jibu la swali hilo lilikuwa uchawi. Mwelekeo kama huo unasikika hata leo nyumba inapoungua: nani alikuwa na wivu, laana ya nani, kwa nini familia hii. Maswali hayo mawili yanaweza kuishi pamoja, na anayewacheka wanaouliza la pili hajaelewa uchungu wao. Kosa linatokea pale swali la pili linapotumiwa kulifuta la kwanza. Mzande aliyejua habari za mchwa angeweza kubadilisha nguzo bila kuacha imani yake yoyote.

Suala la jirani linabadilisha uzito wa kila kitu kilichosemwa. Mtu anayekaa peke yake katika nyumba yake mwenyewe anaweza kudai, kwa kiasi fulani, haki ya kujihatarisha. Mwenye ploti hana dai hilo. Katika vyumba vya kupangisha, mpangaji hununua tokeni na kuwasha taa, lakini sanduku kuu mara nyingi liko kwa mwenye ploti, wakati mwingine chini ya kufuli. Mpangaji hawezi kulifungua, hana ruhusa ya kulibadilisha, na huenda hajui limo nini. Kampuni ya umeme, iliyoanza mwaka 1922 kwa jina la East African Power and Lighting na sasa ni Kenya Power, huwajibika hadi kwenye mita; waya za kuanzia hapo kuingia ndani ni za mwenye nyumba. Kwa hiyo kati ya kampuni isiyowajibika na mpangaji asiye na uwezo, anabaki mtu mmoja. Mwaka 1932 Jaji Atkin wa Uingereza, akiamua kesi ya mwanamke wa Scotland aliyekuta konokono kwenye chupa ya kinywaji, alichukua swali la mwanasheria katika mfano wa Msamaria Mwema, jirani yangu ni nani, akalifanya msingi wa sheria ya uzembe: jirani ni yule ambaye mtu angepaswa kumfikiria kabla ya kutenda au kuacha kutenda. Sheria ya Kenya imeurithi msingi huo, na ina sheria mahususi kuhusu wajibu wa mwenye kumiliki jengo kwa wanaoingia humo. Mara chache kifungu cha Biblia kimeingia mahakamani kwa uwazi kama huo.

Upo pia utetezi wa heshima kwa waliotangulia. Sanduku liliwekwa na baba, na kuling'oa kunaonekana kama kusema baba hakujua. Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alifanya utafiti miongoni mwa wazee wenye hekima wa Kenya na kuwatenganisha wa aina mbili: yule anayeyahifadhi na kuyasimulia vizuri yale yaliyopokewa, na yule anayeyapokea kisha kuyauliza sababu zake. Wote wanaheshimu mapokeo, ila wa pili anaheshimu nia iliyoyaleta. Baba aliyeweka fyuzi alitaka nyumba isiungue. Aliweka kilichokuwa bora alichoweza kukipata. Kuendeleza nia yake leo kunahitaji kifaa kingine.

Gharama ni pingamizi la haki kuliko yote. Sanduku jipya, breka zake, RCD na ufundi wa mtu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, ni fedha ambazo huenda zilikuwa karo ya muhula. Maadili yasiyojua hilo hayafai kufundishwa. Kurani, katika sura ya al-Baqara, aya ya 286, inasema Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na kwa kanuni hiyo wajibu hupungua uwezo unapopungua. Lakini kupungua si kufutika. Asiyeweza kununua sanduku jipya mwaka huu anaweza kumlipa fundi wa kupima tu. Anaweza kuhakikisha kila kishikio kina waya wa kipimo chake, kuondoa shawa kwenye waya uliokusudiwa taa, na kutoruhusu msumari au kipande cha waya wa umeme kukaa mahali pa fyuzi. Hatua hizo ni za bei ndogo, na kwa sababu hiyo kutozichukua hakuwezi kutetewa kwa umaskini.

Upande wa pili una kosa lake, ambalo mafundi wenyewe huwa hawalisemi. Kubadilisha sanduku na kuacha waya zilezile zenye mpira uliokauka na kupasuka, au zilizotafunwa na panya juu ya dari, ni kununua utulivu wa moyo bila usalama wote uliolipiwa. RCD mpya katika nyumba ya namna hiyo itakata kila mvua inaponyesha, kwa kuwa imegundua mvujo uliokuwapo siku zote. Wengine hukasirika wakamwita fundi airuke, na nyumba ikarudi ilikotoka ikiwa na sanduku linalong'aa. Kwa maana hiyo uamuzi wa kubadilisha haukamiliki siku ya kubadilisha. RCD ina kitufe cha kujaribia kinachopaswa kubonyezwa mara kwa mara ili ijulikane bado inakata, na asiyekibonyeza kwa miaka kumi anarudi taratibu kwenye imani ileile ya mwenye sanduku la zamani.

Hali ngumu kuliko zote ni ya nyumba ya marehemu ambayo mirathi yake haijakamilika. Warithi wako watano, kesi iko mahakamani, na hakuna aliye tayari kutoa fedha kwa nyumba ambayo huenda ikaangukia mwingine. Umiliki umesimama, ila umeme haujasimama. Hapo kigezo cha umiliki hakitoshi, na kinachobaki ni kigezo cha maarifa na cha mkono: aliyesikia maneno ya fundi, anayepokea kodi, au anayelala humo na watoto. Huyo anaweza asiwe na mamlaka ya kung'oa sanduku, lakini anayo ya kuzima swichi kuu ya shawa, ya kuwaandikia warithi wenzake alichoambiwa na fundi, na ya kumweleza mpangaji kabla hajalipa kodi ya mwezi wa kwanza.